Kona ya Mwalimu: "Mmeelewa?" "Ndiyooo!" Halafu testi wanafeli

Toleo lililopita nilidokeza kidogo tu kuhusu wanafunzi wa chuo wanaokaa darasani kimya kama wapo msibani, nikasema mwenye swali aniandikie, basi jamani meseji zimekuja nyingi sana, za walimu na za wanafunzi wenyewe. Nimechagua chache. Majina nimeyaacha kwa sababu kuna wenye mikataba ya muda na kuna wanaosubiri matokeo, ila mikoa nimeiweka. Nyingine nimezifupisha.

Shikamoo Mwalimu. Mimi ni mkufunzi msaidizi, huu mwaka wangu wa pili nafundisha uhasibu chuo kimoja hapa Dodoma. Mwaka wa kwanza nina darasa la watu 380, ukumbi mmoja, maiki moja ambayo muda wowote inazima. Slaidi naandaa mpaka saa saba usiku, naingia nafundisha masaa mawili mfululizo, nikimaliza nauliza kuna swali? Kimya. Mmeelewa? Wote wanaitikia ndiyooo. Testi ya kwanza zaidi ya nusu wamepata chini ya 16 kwa 40. Nimeumia sana. Hivi hawa wananidharau kwa sababu na mimi bado kijana au nini? — Mkufunzi, Dodoma

Marahaba mwanangu, na pole. Hawakudharau. Hilo liondoe kichwani leo leo, kwa sababu mwalimu akishaamini anadharauliwa anaanza kuwa mkali, na ukali kwenye darasa lililokaa kimya unaongeza kimya.

Tatizo liko kwenye hilo swali lako, kuna swali? Mtu ambaye hajaelewa hana swali, ana ukungu tu kichwani. Ili uweze kuuliza inabidi ujue umepotelea wapi, na anayejua alipopotelea ameshafika nusu ya kuelewa. Halafu hata huyo mwenye swali mfikirie, anatakiwa anyanyuke mbele ya watu 379, aongee Kiingereza, akichanganya kidogo tu kuna wa nyuma wataguna, na jioni anajikuta stika kwenye grupu la WhatsApp la darasa. Nani atanyanyua mkono hapo? Hata mimi ningenyamaza.

Na mimi yalinikuta. Mwaka wangu wa tatu kufundisha, chuo sikitaji, kulikuwa na binti anakaa mstari wa tatu, kila kipindi yupo, anaandika kila ninachosema, mwandiko safi, nikimwangalia yeye napata moyo. Akapata sapu, yaani akafeli na ikabidi arudie mtihani. Alivyokuja ofisini na daftari lake nikalifungua, maneno yangu yote yamo, mpaka mifano. Nikamwomba anieleze kwa Kiswahili mstari mmoja tu aliouandika mwenyewe, akashindwa. Akaniambia, Mwalimu, mimi nilikuwa naandika, sikuwa nasikiliza. Siku ile nilitoka ofisini nimenyong'onyea, kwa sababu nilijua kosa halikuwa lake. Mimi ndio nilikuwa nafanya kazi yote ya kufikiri mule ndani, yeye nimemwachia kazi ya mashine ya fotokopi.

Sasa sikiliza habari moja. Kuna mwalimu wa fizikia pale Harvard, Marekani, anaitwa Eric Mazur. Alianza kufundisha pale miaka ya 1980, wanafunzi wanamsifia kwenye tathmini, mitihani wanafaulu, na yeye mwenyewe anajiona yuko vizuri. Karibu na mwaka 1990 akawapa testi ya maswali mepesi yasiyo na hesabu ndefu, ya aina ile ya lori kubwa limegongana uso kwa uso na gari dogo, je lori ndio linaligonga gari dogo kwa nguvu kubwa zaidi au nguvu ni sawa pande zote mbili? (Ni sawa, ndio ile kanuni ya tatu ya Newton, wanafunzi wote wanaikariri.) Mwanafunzi mmoja akamuuliza, profesa, nijibu kama ulivyotufundisha au nijibu ninavyofikiri mwenyewe? Matokeo yakamshtua. Watu waliokuwa wanakokotoa mahesabu magumu walikuwa hawaelewi kitu cha msingi kabisa. Akawaeleza ubaoni, akaeleza tena kwa njia nyingine, bado wanamwangalia tu, mwisho akaishiwa akawaambia hebu jadilianeni wenyewe kwa wenyewe. Ukumbi ukalipuka kwa kelele na ndani ya dakika chache wakawa wameelekezana. Kuanzia 1991 akaanza kufundisha kwa mtindo huo, na 1997 akatoa kitabu kuelezea unavyofanyika.

Sababu ya kufanya kazi ni rahisi. Mwanafunzi aliyeelewa dakika tano zilizopita bado anakumbuka alipokwama, kwa hiyo anajua amshike mwenzake mkono sehemu gani. Wewe uliyeelewa miaka mingi iliyopita umeshasahau kabisa ugumu ulikuwa wapi.

Basi fanya hivi kwenye darasa lako. Fundisha dakika kumi na tano hivi, alafu simama, weka swali moja kwenye slaidi. Nakutungia: Kampuni imenunua basi kwa shilingi milioni 200 taslimu, basi linahesabiwa litatumika miaka 5, uchakavu unagawanywa sawa kila mwaka na mwishoni halina thamani. Mwaka wa pili, kwa ajili ya uchakavu, pesa kiasi gani imetoka benki? A, milioni 200. B, milioni 40. C, hakuna hata shilingi. D, milioni 80.

Angalia hayo majibu nilivyoyapanga, kila kosa lina mtu wake. Wa B wamegawanya 200 kwa 5 wakapata 40, hesabu sahihi kabisa, ila wanaamini gharama yoyote inayoandikwa kwenye vitabu ni hela imetoka. Wa D wamechukua uchakavu wa miaka miwili uliolimbikizwa. Wa A wamekimbilia bei ya kununua. Na C ndio jibu, kwa sababu hela ilitoka siku basi liliponunuliwa, uchakavu ni kuigawa ile gharama kwenye miaka inayotumika. Nakuambia B watakuwa wengi mno, na ukiona vidole vyao utajua kitu ambacho "mmeelewa?" isingekuambia hata ungeuliza mara mia.

Vidole, ndio. Huhitaji kifaa chochote. Wape dakika moja ya kufikiri kimya, kila mtu peke yake, alafu waambie wote kwa pamoja waweke vidole kifuani, kimoja ni A, viwili ni B, vitatu, vinne. Kifuani, sio juu, ili wa nyuma asimwangalizie wa mbele na anayekosea asionekane na ukumbi mzima. Wewe pitisha macho. Wengi sana wamepata, zaidi ya 70 kwa 100 hivi, eleza kwa ufupi usonge mbele. Wachache mno wamepata, chini ya 30, basi rudi ufundishe upya maana wakijadiliana watapotoshana. Wakiwa katikati hapo ndio penyewe, waambie kila mtu atafute jirani mwenye jibu tofauti na lake amshawishi, mstari wa kwanza wageukie wa pili, wa tatu wageukie wa nne, dakika tatu. Kelele itakuwa kubwa. Iache. Zunguka katikati ya viti usikilize wanavyosema, usisahihishe mtu, alafu rudi mbele piga kura tena, mwishoni wewe ueleze jibu na sababu yake na kwanini yale mengine sio. Usiache swali bila kulifunga, hilo nitaliongelea tena huko chini.

Kingine, jifunze kusubiri. Mary Budd Rowe, mtafiti wa Marekani, miaka ya 1960 na 1970 alikuwa anarekodi walimu wa sayansi wakiwa darasani na akakuta wengi wakishauliza swali wanasubiri kama sekunde moja tu kabla hawajajijibu wenyewe au kumrukia mtu mwingine. Walipofundishwa kusubiri sekunde 3 na kuendelea, majibu ya wanafunzi yakawa marefu zaidi, wasiosema wakaanza kusema, hata wanafunzi kuulizana wenyewe kukaongezeka. Na hao walikuwa watoto wa shule wanajibu kwa lugha yao. Wanafunzi wako wanafikiri kwa Kiswahili, wanatafsiri, wanaogopa, ndio wafungue mdomo. Wape kumi. Hesabu moyoni. Utaona ni ndefu kama saa nzima lakini vumilia.

Najua unachotaka kuniambia, silabasi haitaisha. Kweli, haitaisha kwa namna ile ya kupitia kila slaidi. Punguza. Maswali mawili kwa kipindi yanatosha, na sehemu ambayo wanaweza kuisoma wenyewe kwenye kitabu waachie waisome. Mwaka 2014 watafiti walikusanya pamoja tafiti 225 za vyuo kwenye sayansi, hesabu na uhandisi, wakalinganisha madarasa ya mhadhara mtupu na yale ambayo wanafunzi wanafanya kitu, kwenye mhadhara mtupu waliofeli walikuwa karibu 34 kwa kila 100, kwenye yale mengine 22. Hapo ni wastani tu, kuna walipopata zaidi na walipopata kidogo. Ila kwenye darasa lako la 380 tofauti kama hiyo ni watu zaidi ya 40, na kila mmoja wao kwao kuna mtu ameuza kitu ili yeye awepo hapo.

Habari za kazi dada. Nafundisha uuguzi ngazi ya diploma, Mbeya, darasa watu 60. Shida yangu ni simu. Nimeweka boksi mlangoni kila mtu aache simu, wakaanza kuja na simu mbili, kitochi kinaingia kwenye boksi, ile ya kuchati iko mfukoni. Nimegomba nimechoka. — Mdogo wako, Mbeya

Nzuri mdogo wangu. Boksi achana nalo, umegeuka askari wa getini na wewe ni mwalimu.

Ila usiache kabisa ukidhani anayechati anajiumiza mwenyewe tu. Watafiti wa Canada mwaka 2013 waliweka wanafunzi kwenye mhadhara, wengine wakawa wanafanya mambo mengine kwenye laptop, alafu wakawapa testi. Hao waliofanya mambo mengine walipata pungufu, hilo tulitegemea. Lakini na wale waliokaa nyuma yao wakawa wanaona tu zile skrini, wao hawajagusa kitu, nao walipata pungufu, tena pengo lao lilikuwa kubwa kama 17 kwa 100. Hili waeleze darasa lako wazi siku ya kwanza, kama watu wazima, kwamba ukifungua TikTok hapa mbele unamnyang'anya aliyekaa nyuma yako. Mwanafunzi wa uuguzi analielewa haraka hilo, maana ndio kazi yenu, kumlinda mtu mwingine. Anayetaka kuchati akae mstari wa mwisho kabisa, ni bora hivyo.

Kingine muhimu zaidi, angalia simu inatoka saa ngapi. Nina hakika haitoki siku ya kufunga kidonda. Inatoka wewe ukiwa unaongea dakika ya 30 na wao mikono haina kazi. Basi ipe simu kazi. Mfano unafundisha dripu, mgonjwa anatakiwa apate mililita 1000 ndani ya masaa 8, mpira wa dripu unatoa matone 20 kwa mililita moja, matone mangapi kwa dakika? Waache wapige wenyewe kwenye simu, wawili wawili. 1000 mara 20 ni matone 20,000, masaa 8 ni dakika 480, gawanya unapata 41 na kitu, kwa hiyo 42. Usiishie hapo, ndio utamu unaanzia hapo. Tundika chupa ya maji mbele ya darasa na mpira wake, mmoja aje arekebishe kidhibiti mpaka itoke 42, wengine wote wafungue saa ya kuhesabu kwenye simu zao wahesabu matone kwa sekunde 15. Wakipata 10 au 11 amepatia. Wakipata 20 waulize, mgonjwa huyu akiwa mzee mwenye moyo uliochoka, maji yataisha saa ngapi na atakuwa kwenye hali gani? Hapo hakuna mtu atakumbuka kuchati, nimeliona hilo kwa macho yangu kwenye darasa la rafiki yangu, watu walikuwa wamesimama juu ya viti kuangalia chupa ya maji.

Mama shikamoo. Mimi ni CR, yaani kiongozi wa darasa, mwaka wa pili, Iringa. Tumepata lekchara mpya, kila kipindi anatuambia tujadiliane na jirani, kisha tupige kura. Darasa wanalalamika kuwa anakwepa kufundisha, ada tumelipa yeye afundishe sio sisi tufundishane, mwenzangu hajui na mimi sijui sasa tunaambiana nini? Na kazi za makundi ndio usiseme, tuko 10, wanafanya wawili, wengine wanaleta majina tu. Wamenituma nimripoti kwa mkuu wa idara. Unanishauri nini?

Marahaba mwanangu, umefanya vizuri kuuliza kabla hujaenda.

Hisia zenu ni za kweli na hazijawapata nyinyi tu. Mwaka 2019 pale pale Harvard walifanya utafiti kwenye darasa la fizikia, mada ile ile, wanafunzi wakagawanywa, kundi moja wakapata mhadhara mzuri umenyooka kabisa, kundi lingine wakapata maswali ya kuhangaika nayo wenyewe kwenye makundi. Baadae wakabadilishana. Walipoulizwa wamejifunza kiasi gani, waliosikiliza mhadhara wakasema tumejifunza zaidi. Walipopewa testi, waliohangaika ndio walikuwa wamepata zaidi. Umeona? Ukimsikiliza mtu anayeeleza vizuri kila kitu kinateleza, unaona umeelewa, kumbe aliyeelewa ni yeye. Ukihangaika mwenyewe kichwa kinauma, unaona huelewi kitu, na kile kichwa kuuma ndio kujifunza kwenyewe.

Hilo la "hajui na mimi sijui", ndio maana inatakiwa mfikiri kwanza kila mtu peke yake na achague jibu. Ukishachagua unayo sababu, hata kama ni mbovu, na mwenzako anayo ya kwake, mkizigonganisha ile mbovu inaonekana. Mkijadiliana bila kufikiri kwanza, ni kweli, mtaishia kuongelea boom, ile hela ya mkopo, limeingia au bado.

Ila na lekchara nae namwangalia. Nenda ofisini kwake na makamu wako, sio kwa mkuu wa idara, umuulize kwa heshima vitu viwili. Je, baada ya kura anawaambia jibu sahihi na sababu? Kama anawaacha hewani na kuhamia slaidi nyingine basi malalamiko yenu yana haki kabisa. Na je, aliwaeleza kwanini anafundisha hivi? Wengi hatuwaelezi, tunaleta mtindo mpya ghafla na kutegemea watu wazima watufuate tu. Mwambie darasa lingependa awaeleze. Kama ni mwalimu wa kweli atafurahi, mimi ningefurahi.

Kuhusu makundi uko sahihi moja kwa moja, watu 10 sio kundi, ni mkutano. Mwombe makundi ya watu wanne, na siku ya kuwasilisha asichague kundi mtu wa kuongea, yeye lekchara ndio aokote jina lolote kwenye karatasi na maksi atakazopata huyo ziwe za wote wanne. Mkiwekewa hivyo nakuhakikishia wale wawili wanaojua watakuja kukutafuta vimbweta, kwenye yale mabenchi ya kusomea, saa mbili usiku wakufundishe, maana maksi zao ziko mdomoni kwako.

Mwalimu, salaam kutoka Mombasa. Mimi hufundisha sosholojia. Nikiwatumia slaidi kwenye grupu, darasani waja robo. Nisipotuma, walalamika kwa mkuu wa kitivo. Nifanyeje?

Salaam sana Mombasa. Kama slaidi zako zinatosha mtu asije, basi kwa kweli hana sababu ya kuja, na sisemi hivyo kukuumiza, niliambiwa hivyo hivyo na mwanafunzi wangu na ikanichukua mwaka mzima kukubali. Tuma slaidi, ila tuma zenye mapengo, swali lipo, jibu halipo, mchoro upo, majina ya sehemu zake hayapo. Yale ya ndani yanajazwa darasani kwa mabishano.

Alafu kila kipindi anza na maswali matatu ya wiki iliyopita, madaftari yamefungwa, kila mtu aandike kwenye kikaratasi, dakika tano, hakuna maksi. Hakuna maksi kabisa, ukiweka maksi wataanza kuangaliziana. Wenzetu wa saikolojia, Roediger na Karpicke, 2006 walionyesha hili vizuri: waliosoma kifungu alafu wakakisoma tena, na waliosoma mara moja alafu wakajaribu kukikumbuka bila kuangalia. Baada ya dakika tano waliorudia kusoma walikuwa mbele. Baada ya wiki moja waliojaribu kukumbuka walikuwa na asilimia 56 ya kifungu, wale wa kurudia kusoma 42. Ndio maana mtu wa kukesha na madesa anaamka asubuhi anajiona yuko fiti na ikifika mtihani wa mwisho wa muhula hakuna kitu. Waambie hivyo na wafanyie hivyo, na mahudhurio yatapanda taratibu, sio wiki ya kwanza.

Mwalimu mimi niko Morogoro, nafundisha kilimo. Wanafunzi wangu nje ya darasa ni waongeaji balaa, tukiwa shambani wanabishana vizuri kabisa kwa Kiswahili. Tukirudi darasani nikianza Kiingereza wote wanainamisha vichwa. Sheria ya chuo ni Kiingereza. Naogopa kuvunja sheria ila naona nawapoteza.

Barua yako nimeisoma mara tatu. Hili ndio jambo ambalo kwangu linauma kuliko yote, kwa sababu tunamwona kijana mwerevu anageuka bubu akivuka mlango.

Wamesoma darasa la kwanza mpaka la saba kwa Kiswahili, kidato cha kwanza tukawabadilishia ghafla, wakajifunza kuvuka kwa kukariri. Kina Martha Qorro wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na wenzake Birgit Brock-Utne na Zubeida Desai, wamelifanyia kazi kwa miaka mingi suala hili la lugha ya kufundishia Tanzania na Afrika Kusini na kusema wazi kwamba kumfundisha mtu somo kwa lugha asiyoimudu sio njia ya kumfundisha hiyo lugha. Anakosa vyote viwili.

Sikuambii uvunje sheria. Mhadhara wako uwe Kiingereza, slaidi Kiingereza, mtihani Kiingereza. Lakini zile dakika tatu za kujadiliana na jirani ni za kwao, hakuna sheria inayosema mtu anong'one na mwenzake kwa lugha gani. Wape swali, mfano picha ya hindi ambalo majani ya chini yamekuwa ya njano kuanzia nchani yanaingia katikati kama herufi V, huku majani mapya ya juu bado ya kijani. Kwanini chini ndio kumeanza? Waache wabishane kwa Kiswahili, na kama kuna Wahehe wawili wanabishana kwa Kihehe waache pia. Kuna atakayesema kwao mama yake akiona hivyo anaweka mbolea ya kukuzia. Mwingine atasema jani la chini ni zee. Hao wawili wakikutana jibu limepatikana, ni upungufu wa naitrojeni, na mmea ukipungukiwa unaihamisha kutoka majani mazee kupeleka kwenye machanga, kwa hiyo mazee ndio yanaanza kufa njaa. Baada ya hapo ndio uwaambie, sasa kila wawili waandike sentensi mbili za Kiingereza kueleza mlichokubaliana. Sentensi mbili tu. Watahangaikia maneno, sawa, lakini watakuwa wanatafuta maneno ya kitu wanachokijua. Na atakayesimama kuisoma anasoma iliyoandikwa na wawili, hajasimama peke yake.

Na ukimsikia mtu anacheka Kiingereza cha mwenzake, hapo kuwa mkali. Ndio sehemu pekee nitakayokuruhusu ukali kwenye ukurasa huu. Mara moja tu, siku ya kwanza, na hawatarudia.

Kipindi changu ni saa nane mchana, Tanga, ukumbi una madirisha upande mmoja, watu wanalala. Kwa kifupi tu Mwalimu.

Kwa kifupi. Usizime taa kwa ajili ya projekta, tumia ubao siku hizo. Swali la kura liwe dakika ya kumi, usingoje ya arobaini. Katikati ya kipindi wasimamishe wote, wenye jibu A waende ukuta wa kulia, B ukuta wa kushoto, wabishane wakiwa wamesimama, anayebadili mawazo avuke. Na waruhusu kuja na maji.

Mkufunzi wa Dodoma, ukishajaribu lile swali la basi niandikie waliochagua B walikuwa wangapi, na wangapi walibaki B baada ya kujadiliana. Nangoja.